Onja maji ya ngama kwanza: kuvuka kutoka Mahé hadi Tanga kwa boti ya tanga

Usiku wa tatu tangu tutoke Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, nilishuka jikoni kuchemsha chai nikakanyaga maji. Boti ikilala upande mmoja yananifika vifundoni, ikilala upande wa pili yanahama na kandambili zangu. Tulikuwa watatu: mzee mwenye boti, mke wake ambaye tangu jana alikuwa anatapika, na mimi, mpishi wa Chumbageni niliyepandishwa cheo kuwa baharia kwa sababu hakukuwa na mwingine. Chini yetu palikuwa na zaidi ya mita 4,000 za maji. Mzee alikurupuka akaanza kung'oa mbao za sakafu akitafuta tundu. Mimi nikachovya kidole nikaramba.

Hayakuwa na chumvi.

Vijana wa Raskazone wanaotaka kazi kwenye yoti za wageni huniuliza habari za mawimbi na papa. Mawimbi tuliyaona, papa hatukumwona. Vilivyotusumbua kwa siku tisa ni klipu ya bomba, kipande cha mpira, ndoo, na saa. Basi nawaandikia hivyo.

Maji yakionekana ndani

Usianze kutafuta tundu. Onja. Maji yasiyo na chumvi yametoka kwenye tangi lenu wenyewe, na boti haizami kwa maji yake ya kunywa. Lakini fanya haraka hata hivyo: nenda kwenye swichi uzime pampu ya maji safi, kwa sababu pampu za yoti hujiwasha zenyewe presha ikishuka, na bomba likichomoka inaendelea kusukuma mpaka tangi liishe. Yetu ilishasukuma nusu ya lita 300 wakati tumelala. Mpira wa chini ya sinki ulikuwa umefungwa kwa klipu moja, na hiyo moja ilikuwa imeoza kwa kutu. Kabla ya safari kagua kila mpira, weka klipu mbili mbili za chuma kisichoshika kutu, na usiku pampu izimwe kabisa. Anayetaka maji avute kwa pampu ya mguu au atumie dumu.

Hayo madumu ndiyo yaliyotupa moyo. Yalikuwa matano ya lita 20, yamefungwa kamba, hayajaunganishwa na bomba lolote. Lita 100 kwa watu watatu, kila mtu lita 3 kwa siku, ni siku 11. Nilipoyadai kule Mahé mzee alinicheka kwamba nahamia jangwani. Baada ya usiku ule hakunicheka tena, na kuoga tukawa tunaoga maji ya bahari, kikombe kimoja cha maji matamu cha kusuuzia.

Maji yakiwa na chumvi, hapo ndipo mbio zinaanza, na zinaanza kwenye matundu unayoyajua. Kila yoti ina matundu yaliyotobolewa makusudi: la maji ya kupozea injini, la choo, la sinki, la mhimili wa panga la injini, yaani propela. Yachore yote kwenye karatasi ukiwa bado bandarini, karatasi uibandike mlangoni. Kando ya kila valvu funga kigingi cha mti laini kinachoingia tundu hilo, kwa kamba, ili usikitafute gizani. Sisi chumvi tuliionja siku ya saba, baada ya kutumia injini saa nyingi. Ilikuwa glandi ya mhimili, kile kifungio kinachozuia maji pale mhimili unapotoka nje, ambayo matone machache ikiwa inazunguka si ugonjwa, ila yetu ilikuwa inatiririka. Ukikutana nayo, spana mbili, kaza nati robo ya mzunguko tu, washa, tazama, gusa. Ukiikaza mpaka ikauke kabisa itapata moto na kuharibika, na utakuwa umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

Jambo moja nimelitoa kwa babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi la Tanga na Pemba. Jahazi zote huvuja, kwa hiyo babu hakuuliza kama kuna maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo; aliuliza kata ngapi. Jana kata arobaini, leo arobaini, lala. Leo sitini, amka tutazame kalafati, ile pamba inayoziba mianya ya mbao. Kwenye yoti fanya vivyo hivyo: kila mwisho wa zamu vuta pampu ya mkono, hesabu mipigo, andika. Namba ikipanda zamu mbili mfululizo unajua kabla mtu hajakanyaga maji. Tulianza kuandika usiku ule wa tatu, yaani tulichelewa siku tatu.

Kabla ya kung'oa nanga

Kutoka Mahé hadi Tanga ni kama maili 980 za bahari, takriban kilomita 1,800. Boti ya mita 12 inayokwenda noti tano na nusu, yaani maili za bahari kwa saa, inamaliza kwa siku saba na nusu kwenye hesabu, na sisi tulichukua tisa kwa sababu bahari haijui hesabu. Safari hii ni ya kusi, upepo ukitoka kusini-mashariki na kukupiga ubavu wa kushoto kwa nyuma. Kusi kali ni Juni hadi Agosti. Tuliondoka mwisho wa Agosti, ikiwa imeanza kulegea. Kwenye kaskazi sikushauri.

Pata kibali cha kuondoka bandarini Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, maana Tanga watakiulizia kabla hawajauliza jina lako. Na kuhusu maharamia, usidharau wala usikose usingizi. Njia ni hii hii: Oktoba 2009 wanandoa Waingereza waliondoka Mahé kuja Tanzania kwa yoti yao, wakatekwa na Wasomali, wakaachiwa Novemba 2010. Soma matangazo ya karibuni kabla ya kuondoka, jiandikishe UKMTO, ofisi ya jeshi la maji la Uingereza inayofuatilia vyombo eneo hili, na mtu mmoja wa nchi kavu awe na ratiba yenu na siku ya kuanza kuwa na wasiwasi.

Chakula ni idara yangu kwa hiyo mtanivumilia. Soko la Victoria ni zuri ila ghali, vitu vingi kisiwani huletwa kwa meli. Nyanya nunua za kijani, moja moja ndani ya gazeti. Ndizi usichukue mkungu mzima hata ukipewa bure. Huiva zote siku moja na kuanzia hapo mnakula ndizi asubuhi, mchana na usiku mpaka mtu aanze kuwaona nyani ndugu zake. Unga, mchele na sukari vitie kwenye makopo ya kufunga, si mifuko. Vitunguu na viazi vining'inie kwenye wavu vipate hewa. Pika vyakula vya siku mbili za mwanzo ukiwa bado bandarini, kwa sababu siku hizo mbili hutapenda kuiona sufuria: ukitoka kwenye kina kifupi cha Mahé, ambako maji ni ya mita 50 au 60 tu, mawimbi ni mafupi na yanagombana. Ukivuka ukingo maji yanageuka buluu nzito na wimbi linakuwa refu. Tumbo nalo huanza kutulia hapo.

Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla, usiku wa kuamkia safari. Ukishaanza kutapika kidonge kinatoka kama kilivyoingia. Mgonjwa akae nje, atazame upeo wa bahari, apewe usukani. Kazi ya mikono hutibu. Tangawizi, ndimu, biskuti kavu, maji kidogo kidogo. Mke wa mzee alitapika siku mbili kamili, siku ya tatu akaomba uji, nikajua amerudi.

Jikoni: sufuria ijazwe nusu, iwe na mfuniko wa kukaza, na mpishi avae aproni nzito hata kama joto linaua. Uji wa moto pajani huko hakuna hospitali. Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe kila ukimaliza, si kwenye jiko tu. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka ngamani na kukaa humo ikisubiri cheche.

Saa tatu ya nani?

Mzee alijivunia Kiswahili chake. Tulipopanga zamu akaniambia, "Wewe saa tatu usiku." Nikalala baada ya magharibi, saa tatu nikatoka nimevaa koti na mkanda wa kujifungia, nikamkuta ndiyo kwanza anaanza zamu yake. Alikuwa na maana ya saa tisa. Akanishangaa, nikamshangaa, nikarudi kulala na usingizi umekata. Saa tisa hakuniamsha, kwa kunionea huruma. Saa kumi na moja nikamkuta anasinzia kwenye usukani, na taa za meli ya mizigo zinaonekana wazi upande wa kulia.

Kwa hiyo zamu ziandikwe, kwa namba, saa ishirini na nne, na saa moja tu itundikwe kama saa ya boti. Shelisheli iko mbele ya Tanzania kwa saa nzima, na mkiwa katikati simu ya huyu inasema hivi na ya yule vile. Sisi tuliacha saa ya Mahé ukutani mpaka tukatia nanga Tanga.

Mkiwa watatu, saa tatu kazini na saa sita kulala zinatosha kuishi. Mkibaki wawili kwa sababu ya ugonjwa, tatu kwa tatu, na mchana kila mtu aibe usingizi bila aibu. Aliye zamu ainue kichwa azungushe macho upeo mzima kila dakika 10. Si kila dakika 30. Meli ya kontena inayokwenda noti 20 inatoka kwenye upeo mpaka kwenye pua yako kwa muda wa kama nusu saa, na huko juu hawakuoni. Ukiona taa nyekundu na kijani zake zote mbili kwa pamoja, inakujia wewe. Ita chaneli 16 ya redio, badilisha njia mapema, na kwa kiasi kinachoonekana.

Usiku hakuna kutoka nje bila mkanda umefungwa kwenye boti, hata kwa haja ndogo. Hasa kwa haja ndogo, na hili nawaambia wanaume.

Zunguka kabla ya magharibi

Kama utachukua kitu kimoja humu, chukua hiki. Kila siku, saa moja kabla jua halijazama, tembea boti nzima kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, polepole, mkono mmoja umeshika. Gusa kila kamba, kila kapi linalopitisha kamba, kila nati. Kitu kitakachokatika saa nane za usiku, mara nyingi saa kumi na moja jioni kilishaanza kusema.

Siku ya nne nilikuta sitahani pini ndogo ya chuma, urefu wa kucha. Mtu mwingine angeitupa baharini au kuitia mfukoni. Ukikuta pini, skrubu au pete ya chuma sitahani, simama hapo hapo, tazama juu, na usiondoke mpaka ujue imetoka wapi. Yetu ilitoka pale ule mti wa chini ya tanga kubwa unaposhikana na mlingoti; bolti yenyewe ilikuwa imeshatoka nusu. Tulitua tanga, mzee akairudisha kwa nyundo, tukaifunga kwa waya. Dakika 20 kwenye mwanga. Usiku, na upepo wa noti 25, mti ule ungekuwa unafagia sitaha.

Kamba huliwa mahali pamoja. Henza inayopandisha tanga inasugua kwenye kapi la juu ya mlingoti mchana na usiku, na wewe chini huoni. Dawa ni kuisogeza: kila jioni ilegeze au ivute upana wa kiganja, ili kesho isugue pengine. Demani nazo, zile kamba za kuongozea tanga, funika kwa kipande cha mpira au kitambaa popote zinapogusa chuma. Nanga ifungwe kwa kamba mbili. Ikianza kucheza itabisha hodi kwenye pua ya boti usiku kucha.

Na tanga lipunguzwe jioni, hata kama upepo ni mzuri. Tulipoteza labda maili 10 kila usiku kwa woga huo, na tulilala. Mchana kanuni ni ya wazee: mara ya kwanza ukijiuliza kama upunguze, ndiyo saa ya kupunguza. Ukiona wingu jeusi limeshuka hadi majini usingoje likufikie.

Upepo ukifa na injini ikikataa

Siku ya sita shwari. Tukawasha injini, na baada ya robo saa kengele ya joto ikalia. Ukiwasha injini ya boti, kitu cha kwanza ni kuinama nyuma utazame maji yanatoka na moshi. Hatukutazama.

Ilikuwa impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa sita kinachovuta maji ya bahari. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika. Funga valvu ya maji, na ufunguo wa injini uutundike kwenye hiyo valvu, ili asipatikane wa kuwasha kabla haijafunguliwa. Toa mfuniko wa pampu, chomoa impela, paka mpya sabuni ya vyombo kidogo, ingiza huku ukiizungusha upande inakozunguka. Hapo wengi hufunga na kufurahi. Bado: vile vipande viwili viko wapi? Vimekwenda mbele na maji, vimekaa kwenye mdomo wa kipozeo, na wiki ijayo vitaziba. Tulikipata kimoja upesi. Cha pili kilituchukua saa nzima na maneno ambayo mzee hakufundishwa na mimi.

Dizeli nayo. Tangi lililotulia bandarini lina matope chini, na bahari inalitikisa kama chupa ya dawa. Injini ikianza kupanda na kushuka mlio, halafu ikazima, badilisha filta. Ijaze dizeli safi kabla ya kuifunga, legeza skrubu ya kutolea upepo, sukuma kile kikono cha pampu mpaka povu liishe na itoke dizeli tupu, kaza. Jifunze hili bandarini, macho yamefumbwa. Beba filta nne, si moja, impela mbili, na mkanda wa injini.

Choo nitasema kwa ufupi. Kisichopita tumboni mwako kisiingie humo, karatasi ikiwemo.

Na ndoo. Siku ya pili niliitupa ndoo baharini nichote maji ya kuoshea vyombo, kamba nimeizungusha mkononi kama nilivyofanya maisha yangu yote gatini. Boti ilikuwa inakwenda noti sita. Ndoo ilijaa, ikashika, nikaburutwa hadi kwenye uzio wa waya na bega likalia. Niliachia, ikaenda. Kamba usiizungushe mkononi kamwe. Ifunge kwenye chuma cha boti, tupa ndoo mbele unakoelekea, ivute ikishafika usawa wako, ikiwa nusu. Tulibaki na sufuria kwa siku saba.

Kuingia

Maili 100 za mwisho zina hila. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na kwenye kusi unaweza kukusukuma noti mbili, tatu, hata nne. Ukilenga Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, utajikuta umepita na unarudi kwa kubisha, yaani kwa kupinga upepo. Lenga kusini yake kama maili 20 au 30, kisha kila saa linganisha pua ya boti inaelekea wapi na GPS inasema unakwenda wapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mkondo. Ila usiusogelee ukingo wa mashariki wa Pemba: ni miamba, na kusi inakusukumia huko huko. Tulianza kujisahihisha tukiwa maili 40 mbali.

Panga uione Kigomasha alfajiri. Kama mnafika usiku, simameni nje mngoje. Wapemba huvua usiku kwa ngalawa na mashua, wengi hawana taa, na mwenye taa ana tochi ambayo huiwasha akishakuona, yaani umechelewa. Nyavu za jarife hulala juu juu, na zikiingia kwenye panga la injini mtashuka majini na kisu. Nilikaa omoni na tochi kubwa na sauti. Mmoja aliniita kutoka gizani, "Nyie mwendapi?" Nikamwambia Tanga. "Kuleni kulia kwanza, mimi nna wavu hapa." Tukala kulia.

Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya kisiwa na Tanga, tuliuvuka mchana, saa saba za boti kurukaruka. Karibu na Tanga angalia maji: siku za bamvua, yaani maji makubwa, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na fungu uliloliona asubuhi mchana halipo, liko chini yako. Ingia maji yakiwa yanajaa, ili ukipanda mchanga maji yakunyanyue. Ukiingia yakipwa, utapwelewa na kukaa hapo hata saa kumi na mbili nzima huku ukipigiwa makofi na watoto.

Pandisha bendera ya njano, tia nanga, kaa ndani. Hakuna kushuka kabla ya afya, uhamiaji na forodha, hata kama unaiona nyumba yenu. Niliiona. Nilikaa saa nne nikiitazama, nikiandika orodha ya vitu vya kununua kabla boti haijaondoka tena: impela mbili, klipu za bomba thelathini, filta, waya, kandambili jozi moja. Ndoo niliinunua sokoni Ngamiani siku iliyofuata, na kamba niliifunga pale pale dukani.